Mtaji wa poka: fedha kiasi gani hutosha kukaa mezani?

Julai 2023, mjini Las Vegas, wachezaji 10,043 walilipa kiingilio cha dola 10,000 kila mmoja ili kushiriki shindano kuu la World Series of Poker. Jumla ilifika dola 100,430,000. Waandaaji walikata dola 700 katika kila kiingilio, yaani zaidi ya dola milioni 7, na zilizobaki, dola 93,399,900, ndizo zikawa zawadi. Nafasi 1,507 zililipwa. Daniel Weinman, aliyeibuka bingwa, alichukua dola milioni 12.1. Wachezaji 8,536 hawakupata kitu.

Picha ya bingwa nyuma ya marundo ya noti huzunguka dunia nzima. Mimi ninawawaza zaidi hao 8,536. Je, mtu anapaswa kuwa na fedha kiasi gani ili kuliwa dola 10,000 kusimwangushe? Kanuni moja inayojulikana sana miongoni mwa wachezaji wa kulipwa inasema usiingie shindano lolote kwa zaidi ya asilimia 2 ya mtaji wako. Kwa kipimo hicho, kiti kimoja katika ukumbi ule kilihitaji mtaji wa dola 500,000. Waliokuwa nao ni wachache. Wengine waliuza hisa za ushindi wao kwa marafiki, wengine waliingia kwa kushinda mashindano madogo ya mchujo, na wengine waliweka mezani fedha walizozihitaji nyumbani.

Mtaji wa poka ni fedha zilizotengwa kwa ajili ya mchezo peke yake. Kodi ya nyumba haimo, ada ya shule haimo, wala akiba ya ugonjwa. Mwenye duka anayeijua kazi yake hachoti hela ya mzigo kununulia mboga ya jioni, na mchezaji naye ana deni lilelile kwa mtaji wake. Mtaji haumwongezei mtu ujuzi hata kidogo. Unamnunulia muda, kwa sababu katika poka ujuzi huchelewa kuonekana, na huchelewa kuliko watu wengi wanavyodhani. Makala haya yanapima ukubwa wa kuchelewa huko na gharama yake. (Kwa Mwislamu anayefuata dini yake, kamari ni haramu na jibu lipo kabla ya hesabu yoyote. Ninaloandika hapa halimshauri kinyume.)

Tuanze na vipimo. Katika Texas Hold'em, aina ya poka inayochezwa zaidi, kila karata zinapogawiwa, watu wawili huweka dau la lazima, mmoja blaindi ndogo na mwingine blaindi kubwa. Meza inayoitwa ya dola 1 na 2 ina blaindi kubwa ya dola 2. Kwa kawaida mchezaji hukaa na blaindi kubwa 100, hapa dola 200. Kiasi hicho nitakiita fungu moja. Ushindi hupimwa kwa blaindi kubwa kwa kila migao 100 ya karata. Anayepata wastani wa blaindi 5 kwa migao 100 ni mchezaji mzuri kweli, na wengi waliojiita wazuri hawajawahi kufika hapo.

Sababu mojawapo ya kutofika ni makato ya nyumba, yaani kasino. Chukua meza ya dola 1 na 2 yenye watu tisa, migao 30 kwa saa, na makato ya wastani wa dola 4 kwa kila kitita, yaani fedha zote zinazowekwa katika mgao mmoja. Zinatoka dola 120 kwa saa. Gawanya kwa tisa, kila kiti kinalipa dola 13 na senti 33. Desturi ya Marekani ni kumpa mgawaji karata dola moja unaposhinda kitita, na kila mtu hushinda kama vitita vitatu kwa saa. Ongeza hizo, gharama ya kukaa tu inakaribia dola 17 kwa saa. Mtu mwenye uwezo sawa na wenzake mezani, asiyefanya kosa la ajabu, akicheza saa nne kila wiki atakuwa amepoteza karibu dola 3,500 kwa mwaka. Wenzake hawakumla. Zimekwenda sandukuni kidogo kidogo, na kwa kuwa makato hutolewa kwenye kitita na si mfukoni mwake, hakuna siku aliyoyahisi.

Wabetio mpira kwa simu Dar es Salaam na Nairobi wana makato ya namna hiyo ndani ya odi. Mechi inayoweza kwenda upande wowote sawasawa ikipewa odi 1.90 kila upande, anayeweka shilingi 100 kila upande anarudishiwa 190 katika 200. Asilimia 5 imekwenda. Tofauti ni kwamba katika poka mchezaji anashindana na watu wenzake, hivyo wachache wenye ujuzi mkubwa huweza kuyalipa makato na bado wakabakiwa na kitu. Kwa hao wachache ndipo neno mtaji linapopata maana yake. Kwa wengine wote, ile ni bajeti ya starehe, na bajeti ya starehe huisha.

Sasa tumchukue huyo mzuri wa blaindi 5 kwa migao 100. Wastani wake ni 5, lakini kupanda na kushuka kwake, kile ambacho wanatakwimu hukiita mkengeuko sanifu, kwa mchezo usio na kikomo cha dau ni kama blaindi 90 kwa migao 100. Linganisha 5 na 90. Bahati ya muda mfupi ni kubwa mara kumi na nane kuliko ujuzi! Migao inapoongezeka, faida hukua kwa idadi yenyewe, ilhali kutikisika hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi hiyo, yaani polepole zaidi. Baada ya migao 10,000 anatarajia faida ya blaindi 500, na mkengeuko wake ni 900. Uwezekano wa kuwa amepata hasara mpaka hapo ni takriban asilimia 29.

Migao 10,000 si mingi wala michache hadi uitafsiri kwa saa. Kwenye meza ya kasino, kwa migao 30 kwa saa, ni saa 333. Anayecheza saa nne kila Jumamosi atahitaji zaidi ya mwaka mmoja na nusu kuifikisha, na akifika huko, karibu wachezaji watatu kati ya kumi wenye ubora wake watakuwa wako chini ya walipoanzia. Watajiona wabovu na si wabovu. Upande wa pili, wapo wabovu waliokula mwaka mzima, wakaamini wamezaliwa na kipaji, wakaacha kazi. Hao ndio wanaonipa uchungu zaidi, kwa sababu bahati imewapa cheti ambacho hawakukifanyia mtihani. Ukifika migao 100,000, hatari ya mchezaji wetu mzuri kuwa bado kwenye hasara inashuka hadi kama asilimia 4. Lakini 100,000 kwa Jumamosi peke yake ni miaka kumi na sita.

Kutoka hapo mtaji unaweza kukokotolewa. Kuna kanuni inayokadiria hatari ya kufilisika kwa kutumia vitu vitatu: kiwango cha ushindi, ukubwa wa kutikisika, na mtaji ulionao. Kwa mchezaji wa blaindi 5, ili hatari ya kufilisika isizidi asilimia 5, anahitaji blaindi 2,426, sawa na mafungu 24. Akitaka hatari ishuke hadi asilimia 1, mafungu 37. Akiwa na mafungu 10 tu, hatari ni asilimia 29, karibu moja kwa tatu, na huyu ni mchezaji mzuri. Mwenye mafungu matano anacheza bahati nasibu ya aina yake, hata awe na ujuzi gani.

Punguza ujuzi uone. Kiwango kikishuka kutoka 5 hadi 2.5, mafungu yanayohitajika kwa hatari ya asilimia 5 yanaongezeka mara mbili, hadi 48 na nusu. Kikishuka hadi blaindi 1, ni mafungu 121. Kikifika sifuri, hakuna mtaji unaotosha. Hata tajiri wa mafuta atafilisika akicheza bila kikomo kwa kiwango kilekile, suala ni siku tu. Wanahisabati wa Ulaya walikwisha kuliona jambo hili katika karne ya 17, tangu barua za Pascal na Fermat.

Mambo yanakuwa magumu zaidi mtu anapotaka kula kutokana na poka. Hesabu ya mafungu 24 inachukulia kwamba kila senti ya faida inabaki ndani ya mtaji na kuukuza. Mchezaji wa blaindi 5 akichota nusu ya faida yake kila mwezi kulisha nyumba, mtaji wake unakua kama wa mchezaji wa 2.5, hivyo anahitaji mafungu 48 na nusu. Akichota faida yote, mtaji wake hauna ukuaji, na kwa hesabu yuko pamoja na yule wa sifuri. Anashinda kila mwaka, ana ujuzi wa kweli, na bado siku moja mfululizo wa kuliwa utamkuta na mtaji uleule wa zamani na kuumaliza wote. Wengi waliocheza vizuri kwa miaka mingi kisha wakaonekana wakikopa viingilio walikuwa katika hali hii, bila ya kuwa walevi au wavivu.

Tuweke fedha. Kwenye mtandao, mtu anayecheza meza nne kwa pamoja hupata kama migao 250 kwa saa. Tuseme blaindi ni senti 25 na 50 za dola, fungu moja ni dola 50. Saa 100 kwa mwezi ni migao 25,000. Kwa kiwango cha 5, faida ya wastani ni blaindi 1,250, yaani dola 625. Akichota nusu, anakula dola 312 kwa mwezi kwa saa 100 za macho kwenye kioo, na mtaji unaohitajika ni kama dola 2,430. Bado hajamaliza, kwa sababu migao 25,000 haitoshi kuondoa bahati: uwezekano wa mwezi kuisha kwa hasara ni kama asilimia 19. Mwaka wenye miezi 12 utakuwa na miwili au mitatu ya namna hiyo, na haitasubiri kupangwa. Inaweza kufuatana. Kwa hiyo lazima awe na akiba nyingine ya kuishi, mbali kabisa na mtaji. Nyumba inayotumia dola 300 kwa mwezi, kwa miezi sita, ni dola 1,800. Jumla imefika dola 4,230 zilizokaa, ili kupata mshahara wa 312 usio na uhakika, bila bima ya afya na bila mafao ya uzeeni. Zidisha kwa bei ya dola ya leo kwa shilingi, kisha jiulize fedha hizo zingefanya nini kwingine. Ninaamini swali hili linastahili kujibiwa kwa kalamu na karatasi, mume na mke wakiwa wameketi pamoja, kabla fedha hazijatoka benki.

Kuna watu watasema dawa ni kuongeza dau ili faida ikue haraka. Mwaka 1956, John Kelly, mtafiti wa Bell Labs huko Marekani, alichapisha makala iliyoonyesha kwamba kila ubora una kipimo chake cha dau. Fikiria mchezo rahisi wa kulipwa sawa na ulichoweka, nawe una nafasi ya asilimia 55 ya kushinda. Ubora huo ni mkubwa. Ukiweka asilimia 10 ya mtaji wako kila mara, mtaji unakua kwa kasi kuliko dau lolote lingine, wastani wa nusu asilimia kwa kila mchezo. Ukiweka asilimia 20, ukuaji unakuwa sifuri. Ukiweka asilimia 30, unashuka zaidi ya asilimia moja na nusu kwa kila mchezo, ingawa unashinda mara nyingi kuliko unavyoshindwa. Dau lililozidi humfilisi mwenye ujuzi. Ndiyo maana wachezaji makini huweka nusu tu ya kipimo cha Kelly. Wanajua ubora wao wameukadiria, na makadirio ya mtu kuhusu nafsi yake huelekea juu.

Chris Ferguson, bingwa wa shindano kuu la mwaka 2000 na mwenye shahada ya uzamivu ya sayansi ya kompyuta kutoka UCLA, aliliweka jambo hili kwenye majaribio ya wazi. Kuanzia 2006 alijipa kazi ya kutoka dola sifuri hadi dola 10,000 kwenye mtandao wa Full Tilt Poker. Kwa kuwa hakuwa na mtaji, alianza na mashindano ya bure. Kanuni zake zilikuwa tatu. Kwenye meza za fedha asiingie na zaidi ya asilimia 5 ya mtaji. Kwenye mashindano yenye meza nyingi asizidi asilimia 2, isipokuwa yale ya dola moja au chini yake. Na fedha zake mezani zikizidi asilimia 10 ya mtaji wote, aondoke zamu yake ya blaindi inapomfikia. Ilimchukua kama miezi 16.

Kanuni ya tatu huwashangaza wanaoisoma mara ya kwanza, kwani inamtoa mtu mezani wakati anakula. Lakini mtaji haujui kama fedha ziko mezani kwa sababu umeshinda au umeleta mwenyewe. Zikiwa mezani zote zinaweza kwenda kwa mgao mmoja. Nguvu ya kanuni ya asilimia 5 nayo iko kwenye kushuka. Mtu aliyegawa mtaji mara 20 na kuendelea na dau lilelile, akiliwa mara 20 mfululizo hana kitu. Anayehesabu asilimia 5 ya kilichobaki kila mara, baada ya vipigo hivyohivyo 20 bado ana asilimia 36 ya mtaji. Gharama yake ni kiburi: anarudi kwenye meza ndogo alizokwisha kuzihama, akae na watu aliodhani amewapita. Nimeona wengi wakishindwa hapo kuliko popote. Kupanda meza kubwa hakuhitaji kufundishwa.

Asilimia za mashindano ni ndogo kuliko za meza kwa sababu fedha nyingi za zawadi ziko kwenye nafasi za juu kabisa. Katika shindano la watu 1,000, mchezaji mwenye uwezo maradufu ya wastani ana nafasi moja kati ya 500 ya kuwa wa kwanza. Akicheza mashindano 500, uwezekano wa kutoshinda hata moja ni asilimia 37. Kama hulipwa mara 18 katika 100, atakutana na vipindi vya kutoka kapa mara kumi, kumi na tano, ishirini mfululizo. Hao wanaoishi kwa mashindano makubwa huzungumzia viingilio 100 kama mwanzo tu, na wengi hushikilia 200 au zaidi.

Matundu ya mtaji mara nyingi hayako kwenye poka yenyewe. Stu Ungar alishinda shindano kuu mwaka 1980, 1981 na 1997. Mwaka huo wa mwisho kiingilio chake cha dola 10,000 kililipwa na mchezaji mwenzake, Billy Baxter, na zawadi ya dola milioni moja waligawana. Novemba 1998 Ungar alikutwa amefariki katika moteli ya Las Vegas, akiwa na umri wa miaka 45, na takriban dola 800 mfukoni. Dawa za kulevya, mbio za farasi na ubashiri wa michezo vilikuwa vimemla kile ambacho hakuna mchezaji wa karata aliyeweza kumla. Archie Karas aliingia Las Vegas mwishoni mwa 1992 na dola 50, akafikisha zaidi ya milioni 40, kisha akazipoteza kwenye dado na bakara, michezo ambayo nyumba ina ubora wa kudumu na kiwango cha mchezaji ni chini ya sifuri. Kwenye michezo hiyo milioni 40 na dola 50 zina mwisho mmoja.

Limebaki suala la mahali fedha zinapolala, na hilo halimo kwenye kanuni yoyote ya hesabu. Tarehe 15 Aprili 2011 serikali ya Marekani ilizifunga kwa wachezaji wa nchini humo tovuti kubwa za poka, Full Tilt ikiwamo, tovuti ileile iliyobeba jaribio la Ferguson. Septemba mwaka huo waendesha mashtaka walidai kwamba mwishoni mwa Machi kampuni ilikuwa na deni la takriban dola milioni 390 kwa wachezaji wa dunia nzima, na akaunti zake za benki zilikuwa na kama milioni 60 tu. Wamiliki, akiwamo Ferguson mwenyewe, walikuwa wamegawiwa jumla ya takriban milioni 444. Tovuti nyingine kubwa, PokerStars, ilikubali kulipa dola milioni 731 katika makubaliano ya Julai 2012 na kuichukua Full Tilt. Wachezaji wa nje ya Marekani walizipata fedha zao Novemba 2012. Wa Marekani walianza kulipwa Februari 2014. Mmarekani aliyekuwa amefuata kila asilimia, mwenye mafungu 40 kwenye akaunti na hatari ya kufilisika chini ya asilimia moja, alikaa karibu miaka mitatu bila kuweza kununua kwa fedha hizo hata kiti cha dola moja.